Pikapu ya Mwingi katika Baridi ya Nunguni

Ndululu ni mwana wa Kitonga, Kitonga ni mwana wa Nzuki, na Nzuki ni mwana wa Mutiso, yule aliyepanda vilima vya Kilungu akiwa na panga moja na mfuko wa mawele, akaacha huko mashamba yenye matuta na jina lisilo na doa. Nzuki alikuwa mzee wa baraza ambaye neno lake halikuhitaji shahidi. Kitonga alipeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia ndoa, kwa ajili ya kila mwanawe, kwa miguu, juani na matopeni, na hakuna mkwe aliyewahi kusimama langoni akimtazamia. Katika ukoo huo watu wamewahi kukosa mvua, wamewahi kukosa mahindi, lakini hawajawahi kuchelewa ukweni.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Julai, ukungu ukiwa umekaa juu ya Nunguni kama kifuniko juu ya sufuria, Mzee Ndululu alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, koti zito juu ya suti na kofia juu ya vyote, hata kabla jogoo hajakamilisha hotuba yake. Mjukuu wake Kisilu alikuwa anaoa. Binti aliitwa Mutanu, mwenyeji wa Mwingi, na baba yake aliitwa Mulinge. Mbuzi watatu wa ntheo walipaswa kufika kwa Mulinge siku hiyo. Mkamba akikwambia ameoa, muulize kwanza mbuzi walifika lini. Kama hawajafika, huyo mke bado ni binti wa baba yake, hata kama amekwisha kuzaa watoto wa kujaza benchi la kanisa.

Wazazi wa Kisilu na wazee wa ukoo walikuwa wametangulia Mwingi kwa basi tangu jana. Waliobaki nyuma ni Mzee, mkewe Kasiva, bwana harusi mwenyewe, na mjomba wa bwana harusi aitwaye Mwau, ambaye ndiye mwenye gari na ndiye aliyenunua mbuzi.

Na hapa pana jambo ambalo Mwau hakuchoka kulisema. Yeye ni mfanyabiashara wa mifugo huko huko Mwingi. Mbuzi aliwanunua katika soko la Mwingi, karibu kabisa na kwa Mulinge, akapendekeza awapeleke moja kwa moja, mambo yaishe. Mzee alikataa katakata. Mbuzi wa nyumba ya Kitonga hutoka katika lango la nyumba ya Kitonga. Basi Mwau akawapakia kwenye pikapu yake ya dizeli, akawapandisha hadi Nunguni, wakalala usiku mmoja katika zizi la Mzee, ili kesho yake wateremshwe tena hadi Mwingi wakiwa mbuzi wenye nasaba.

"Mzee," alisema Mwau asubuhi hiyo, akitoka katika nyumba ya wageni amejifunga leso mbili za Kasiva juu ya shati la mikono mifupi, meno yakigongana, "hawa mbuzi wanashangaa. Wametoka kwao ili wapelekwe kwao."

"Mtu pia hutoka mavumbini akarudi mavumbini," alijibu Mzee, "na katikati hapo ndipo tunapoheshimiana. Pakia mbuzi."

Mbuzi wakapakiwa. Kreti za soda, unga, sukari na mablanketi vikawekwa. Kasiva akavua kitambaa cha jikoni, akaomba sala ndefu iliyowataja wakwe, barabara, madereva na hata mbuzi, na Mzee akasema amina kwa sauti ya kufunga mlango. Kisha akaingia ndani ya gari, akaweka fimbo katikati ya magoti, akatazama mbele. Mbele kulikuwa na ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

"Bwana Mwau," alisema polepole, "kwa nini gari lako linatazama nyumba yangu?"

"Heshima, Mzee. Kwetu mgeni hageuzi mgongo kwa mwenyeji."

Mzee alivuta pumzi kwa pua. Nunguni nzima, mwenye lori na mwenye kigari, jioni huegesha pua ikielekea bondeni, kwa sababu kila mtu anajua asubuhi huja na mambo yake. Lakini Mwingi ni nchi tambarare na yenye joto, na mtu wa tambarare humwegeshea mwenyeji wake heshima.

Mwau akazungusha ufunguo. Gari likasema: *ngrrr... ngrr... ng'.* Akazungusha tena. *Ngrr... ng'.* Mbuzi mmoja nyuma akaitikia.

"Hii gari haijawahi," alisema Mwau.

"Haijawahi nini?"

"Haijawahi kukataa! Kule kwetu naigusa na kidole tu, inaitika kama mtoto wa shule." Akazungusha mara nyingine, na nyingine.

"Acha!" Fimbo ya Mzee ilipiga sakafu. "Ukimuuliza mtu swali, akakujibu hapana, humuulizi tena swali lile lile kwa nguvu zaidi. Shuka."

Mzee Ndululu hakuwa fundi na hakupenda kuitwa fundi. Alikuwa amekula mshahara wa idara ya kilimo maisha yake yote ya kazi, akizunguka vilima hivi kwa Land Rover ya serikali, akifundisha watu kuchimba matuta. Na katika siku zake afisa alipewa gari, akapewa na adabu ya kulitunza. Alishuka, akavua glavu, akazikunja, akazitia mfukoni.

Kisilu naye alikuwa ameshatoa simu. "Babu, hapa kuna video. Watu wa kule kwa theluji, gari zao zikilala kwa baridi, wanazichomeka kwa umeme wa nyumba usiku, kama simu."

"Tuna theluji hapa?"

"Hatuna, Babu."

"Basi zima hiyo, ushike taa. Gari la dizeli hutaka vitu vinne: umeme wa kulizungusha, mafuta, hewa na joto. Kimoja kimekosekana. Hatutakisia kama watu wa kamari. Tutauliza kimoja kimoja. Washa taa za mbele, Bwana Mwau, kisha uzungushe mara moja tu. Mara moja."

Mwau akafanya hivyo. Taa zikafifia lakini hazikufa. Mzee akafungua boneti, akaona vichwa vya betri vimeota ukoko mweupe kama chumvi ya ng'ombe.

"Kasiva! Maji ya moto!"

"Nililijua hilo tangu sala," alisema Kasiva, akatokea na birika.

Wakafungua nyaya, wakaosha ukoko, wakakausha kwa kitambaa, wakakwangua hadi vichwa vikang'aa, wakakaza. Mzee akamtuma Kisilu nyuma ya gari akatazame bomba la moshi. Mwau akazungusha. Safari hii injini ilizunguka kwa bidii zaidi, *ngrr-ngrr-ngrr-ngrr*, ila haikushika.

"Moshi?" aliuliza Mzee.

"Upo, Babu! Mweupe. Unanuka dizeli hadi naskia kutapika."

"Usitapike, umevaa shati la ukweni. Mnaona sasa? Mafuta yanafika, hewa ipo, umeme unajitahidi. Dizeli inaingia na inatoka bila kuungua, kama mwanafunzi aendaye shule akarudi vile vile. Kinachokosekana ni joto." Akamgeukia Mwau. "Ile taa ndogo ya manjano, yenye umbo la waya uliojisokota, ilikaa muda gani kabla hujazungusha ufunguo?"

"Taa gani, Mzee?"

"Ya plagi za kupasha moto."

"Aa. Hiyo." Mwau alizitazama leso zake. "Hiyo ilikufa zamani."

"Ilikufa, au iliuawa?"

Wakati huo huo simu ya Kisilu ikalia, na Kisilu alipoona jina akaifunika kwa kiganja kana kwamba inaweza kumuona. "Ni baba yake Mutanu. Nimwambie nini? Nitamwambia tuko njiani. Nitamwambia tumepita Machakos."

"Huko Machakos umepita na miguu ya nani?" Mzee akanyoosha mkono. "Lete."

"Babu, tafadhali, kila mtu husema—"

"Lete simu." Akaiweka sikioni, akasimama wima kama aliye mbele ya mkuu wa wilaya. "Mulinge, ndugu yangu, salamu. Ni Ndululu wa Kitonga. La, hatujafika Machakos. Tuko nyumbani kwangu. Gari limekataa kuwaka kwa sababu ya baridi."

Kisilu alikaa chini juu ya jiwe, akashika kichwa.

Upande wa pili ikatoka sauti nzito ambayo wote waliisikia. "Baridi? Mzee, huku mimi nimekaa chini ya turubai natokwa na jasho. Sikiliza, nakuheshimu, lakini ndugu yangu mkubwa lazima aondoke leo kuelekea Garissa, ana mgonjwa huko. Anaweza kungoja hadi vivuli vianze kurefuka, basi. Akiondoka, hakuna wa kuwapokea mbuzi wenu, na mimi siwezi kushika hata ukwato bila yeye. Itakuwa ni Desemba."

"Tutafika," alisema Mzee, akarudisha simu.

"Desemba!" Kisilu aliinuka. "Babu, Mutanu anaenda kazini Kisumu mwezi ujao. Alisema kama mambo hayatakamilika sasa, ataenda akiwa binti ya Mulinge, na huko Kisumu kuna wanaume pia!"

"Kwa hiyo tusipoteze muda kulia," alisema Mzee, lakini mkono wake juu ya fimbo ulikuwa umekaza. Aliwaza juu ya Kitonga na matope yake. Kuchelewa kwa sababu ya mafuriko ni jambo moja. Kuchelewa kwa sababu ya kitu kidogo kisichojulikana, ndani ya injini ya mfanyabiashara wa mbuzi, ni jambo ambalo mtu hawezi kulieleza hata kaburini.

Akainama chini ya boneti. Plagi nne za kupasha moto zilikuwa mahali pake, vichwa vyao vitupu kama vya wazee waliovuliwa kofia. Hakukuwa na waya hata mmoja uliozifikia. Aliangaza taa huku na huku, akakuta mahali ambapo waya mnene mwekundu ulipaswa kuanzia; ulianza hapo kweli, lakini badala ya kwenda kwenye plagi ulipita tundu la ukuta wa injini, ukaingia ndani ya gari, ukapanda nyuma ya kiti, ukatokea dirishani, ukafika juu ya paa. Juu ya paa, imefungwa kwa kamba, ilikuwepo spika kubwa yenye mdomo wa tarumbeta.

"Bwana Mwau," alisema Mzee kwa upole wa kutisha, "hebu nieleze safari ya waya huu."

Mwau alijikunja ndani ya leso. "Sasa, Mzee... soko letu lina kelele. Mwenye kutangaza mbuzi kwa mdomo hauzi. Nikapata spika. Spika ikataka waya mzuri. Nikaangalia ndani, nikaona huu umekaa tu, hauna kazi. Nikautoa, gari ikawaka. Mwaka mzima inawaka! Nikasema, hawa waliotengeneza gari walizidisha waya."

"Walizidisha."

"Mzee, Mwingi hakuna baridi! Ningejuaje?"

"Kwa hiyo umelipasha soko moto, ukaiacha injini uchi," alisema Kasiva, na hapo hata Kisilu, pamoja na uchungu wake wote, alicheka hadi akashika boneti.

Waya ukarudishwa kwao. Mwau mwenyewe aliufungua kwenye spika, kwa vidole vilivyokufa ganzi, akauvuta hadi injini, na Mzee akamsimamia hadi kila plagi ikapata haki yake. Ufunguo ulipozungushwa nusu, taa ndogo ya manjano iliwaka. Wote wanne waliitazama kama watu wanaotazama mwezi mwandamo. Wakangoja izimike yenyewe, kama inavyopasa, kisha Mwau akazungusha kikamilifu.

*Ng'.*

Betri, iliyokuwa imekamuliwa tangu alfajiri, ilikuwa imebakiwa na nguvu za kuwasha taa na kuzipasha plagi joto, lakini si za kuizungusha injini. Tena oili aliyotia Mwau ilikuwa ile nzito ya watu wa jua kali. Mzee alichomoa kijiti cha kupimia, akaona inavyoshuka kwa uvivu kama asali ya msimu wa baridi. Jirani yao Ngure, ambaye ndiye pekee wa karibu mwenye gari la kuazima umeme, alikuwa ameshateremka sokoni na kabichi zake. Mzee akaagiza jiko la makaa lililoiva vizuri, lisilo na ulimi wa moto, likasukumwa chini ya bakuli la oili, bati likiwekwa kati yake na injini, naye akasimama hapo na ndoo ya mchanga bila kupepesa macho hadi kijiti kilipotoa oili iliyolegea. Kisha jiko likaondolewa mbali.

"Sasa tulibingirishe mteremkoni," alisema. "Gia ya pili, klachi chini. Likishika mwendo, taa ikizimika, achia."

Hapo heshima ya Mwau ikawa mlima. Pua ya gari ilitazama nyumba. Mteremko ulikuwa nyuma ya lango. Ilibidi lisukumwe kinyumenyume, ligeuzwe uani, ndipo liangalie bonde. Kisilu na Kasiva walisukuma kwenye boneti, Mwau akasukuma huku ameshika usukani kupitia dirishani, na Mzee akasukuma kwa bega la suti. Matairi yaliteleza kwenye nyasi zenye umande. Gari lilisogea kiasi cha kiatu, likarudi kiasi cha kiatu na nusu. Mbuzi waliwatazama kutoka juu.

"Babu, tushushe mbuzi na kreti. Ni uzito."

"Kreti, shusheni. Mbuzi walioombewa na kupakiwa hawarudi katika boma hili."

"Babu!"

"Baba yangu hakuwahi kuwarudisha mbuzi wa ntheo. Mbuzi wakishaondoka, wameondoka. Ukiwarudisha, unakuwa umesema neno kisha ukalimeza."

"Lakini hawajaondoka! Wako hapa! Tuko nao!" Kisilu sauti ilimpasuka. "Babu, nani anaoa, mimi ama hawa mbuzi?"

Mwau alijitia kukagua tairi. Hakuna kijana aliyewahi kumpandishia Mzee Ndululu sauti uani kwake. Mzee alimtazama mjukuu wake. Aliona shati jeupe lililochafuka dizeli, na macho ya mtu ambaye hakuwa akidharau, bali alikuwa akizama.

Kasiva akajifuta mikono. "Baba Kitonga," alisema, akimwita kwa jina la mwana wao, Kitonga mdogo, "nikuulize. Baba yako aliwapeleka mbuzi kwa gari gani?"

"Hakuwa na gari. Walienda kwa miguu yao."

"Basi hawa nao wameota nini, magurudumu? Washuke upande huu wa lango na walipite sasa hivi, wakitembea, wasikanyage zizi. Hapo wamerudi wapi? Mimi naona wameanza safari."

Mzee alifikiri. Aliligeuza neno hilo kushoto na kulia akitafuta ufa, hakuuona. Tena, kwa kweli, lilikuwa na heshima kuliko pikapu.

"Leteni kamba," alisema.

Na alikataa mtu mwingine kuishika. Ndululu wa Kitonga, katika suti, koti na kofia, fimbo mkono mmoja na kamba ya mbuzi watatu mkono wa pili, alipita katika lango lake akiwa amenyooka, akaanza kuteremka barabara ya Nunguni katika ukungu. Kina mama wa kwaya, waliokuwa wakipanda kwenda mazoezini, walisimama pembeni.

"Mzee, habari ya asubuhi! Tulisikia mnaenda Mwingi leo."

"Njema. Ndiyo, tunaenda."

Wakawatazama mbuzi. Wakaitazama barabara. "Kwa miguu, Mzee?"

"Tumeanza," alisema Mzee, akawainulia kofia. Hata hivyo neno lilifanya kazi yake, kwa maana kina mama hao walipofika langoni na kuona mambo yalivyo, waliweka vitabu vya nyimbo juu ya ukuta, wakakunja mikono ya sweta, na pikapu ikageuzwa kama mtoto anayegeuzwa kitandani.

Mzee alisikia mlio wa matairi nyuma yake kabla ya kuona chochote. Akawavuta mbuzi kando. Pikapu ikatokea katika ukungu bila sauti ya injini, Mwau ndani akiwa amekodoa macho, leso zikipepea dirishani, na Kisilu akikimbia nyuma kama anayefukuza mwizi.

"Taa!" alinguruma Mzee. "Taa imezimika?"

"Imezimika, Mzee!"

"Basi achia klachi! Achia, mwanangu, achia!"

Gari lilimpita, likapinda kona, likamezwa na weupe. Kukawa kimya. Kisilu alisimama kando ya babu yake, akihema, na pasipo kukusudia akamshika mkono wa koti. Wakangoja. Kisha huko chini kukasikika kikohozi, kikohozi kingine, mlipuko kama wa debe lililoanguka darini, na halafu ule mngurumo mnene wa dizeli iliyokasirika, huku moshi mweusi ukipanda kuchanganyika na ukungu. Beberu mkubwa alirukia shamba la mtu, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu, Mzee Ndululu alikimbia.

Kina mama wakateremsha kreti, mbuzi na Kasiva wakapanda injini ikinguruma, na wote wakafika Mwingi vivuli vikiwa bado vimejificha chini ya miguu ya watu. Ndugu mkubwa wa Mulinge alikuwa ameshavaa kofia ya safari, akaivua. Mulinge alimpokea Mzee kwa mikono miwili, akasema kwamba amewahi kupigiwa simu na wakwe wengi walio njiani, lakini huyu ni wa kwanza aliyemwambia yuko nyumbani, na kwa ajili hiyo peke yake alikuwa tayari kumwomba ndugu yake abaki hadi jioni. Mbuzi wakahesabiwa kuwa ni wa nyumba ya Kitonga. Mutanu alicheka alipoliona shati la Kisilu, na kucheka kwenyewe kulikuwa jibu.

Nje, pikapu ilikuwa bado ikinguruma katika jua la Mwingi, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wameizunguka wakimpiga Mwau picha, kwa sababu alikataa kabisa kuizima.

"Mzee, ikikataa tena?" alilalamika.

Mzee Ndululu alipita katikati yao, akaingiza mkono dirishani, akauzungusha ufunguo mwenyewe. Kimya kikashuka. Kisha akageuka, akasimama mbele ya boneti, fimbo mbele yake, mikono yote miwili juu ya fimbo, akawatazama vijana wale mmoja baada ya mwingine.

"Kuna waya katika gari hili," alisema, "ambao mtu mmoja aliudhani hauna kazi, kwa kuwa alikuwa hajafika mahali unapofanya kazi. Nina mengi ya kuwaambia kuhusu waya huo, na kuhusu nyinyi. Wewe mwenye shati la mistari, toka kivulini. Wekeni hizo simu mfukoni, simameni wima, na mnisikilize."